Magavana na majenerali wa Edgefield, Carolina Kusini: ni wangapi hasa waliozikwa pale?

Swali la msomaji: "Ninaishi na familia yangu Augusta, Georgia. Kijana wetu amepewa kazi ya somo la historia kuhusu makaburi ya watu mashuhuri, na tumeambiwa kwamba kaunti ndogo ya Edgefield, ng'ambo ya Mto Savannah, ina makaburi ya magavana kumi na majenerali kadhaa. Je, ni kweli? Tukiwa na siku moja tu, tuanzie wapi? Na tutajuaje kama kilichoandikwa kwenye jiwe la kaburi ni cha kuaminika?"

Dada, hilo mliloambiwa lina ukweli ndani yake, ila limechanganywa. Edgefield inajivunia kwamba imetoa magavana kumi wa Carolina Kusini, na hesabu hiyo inakubalika kwa sababu inawajumlisha waliozaliwa huko, waliolelewa huko na waliofanya kazi yao ya sheria na siasa huko. Lakini waliozikwa ndani ya mipaka ya kaunti kama ilivyo leo ni watano tu. Wanne wako katika makaburi ya Willowbrook mjini Edgefield, nao ni Francis Pickens, John Sheppard, John Gary Evans na Strom Thurmond. Wa tano, Benjamin Tillman, yuko katika makaburi ya Ebenezer, kwenye mji mdogo wa Trenton, mwendo mfupi wa gari kutoka hapo. Kwa kaunti yenye watu wapatao 26,000, watano si haba. Wako pia wabunge wa Kongresi, jenerali mmoja aliyevaa sare za pande mbili zilizowahi kupigana, na wanajeshi wengi wa kawaida.

Chanzo cha mchanganyiko huo ni mipaka. Edgefield ilipoanzishwa mwaka 1785 ilikuwa wilaya kubwa sana, na baadaye ilimegwa mara kwa mara: kaunti ya Aiken ilichukua sehemu yake mwaka 1871, Saluda mwaka 1895, Greenwood mwaka 1897 na McCormick mwaka 1916. Kwa hiyo mtu anaweza kuitwa "wa Edgefield" katika kila kitabu cha karne ya 19, na kaburi lake likawa leo katika kaunti yenye jina lingine, bila jiwe lenyewe kusogezwa hata hatua moja. Gavana James Henry Hammond, yule aliyesimama katika Seneti mwaka 1858 na kutamka kwamba pamba ni mfalme, yuko Beech Island, ambayo leo ni Aiken. Seneta Andrew Pickens Butler yuko katika uwanja wa kanisa la ukoo wake, upande ambao sasa ni Saluda. Wengine waliondoka kabisa: Gavana George McDuffie alizikwa katika kaunti ya Sumter, na Milledge Bonham, aliyekuwa jenerali kabla ya kuwa gavana, yuko Elmwood, Columbia. Kijana akiandika tu kwamba "alitoka Edgefield, kwa hiyo kaburi lake liko Edgefield," mwalimu wake atakuwa na haki ya kumkata alama.

Sasa tuingie Willowbrook, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Makaburi haya yako katikati ya mji, pamoja na kanisa la Kibaptisti, na ukitembea kati ya mawe utagundua haraka kwamba siasa ya mahali hapa ilikuwa mambo ya ukoo. Majina ni yale yale: Pickens, Butler, Brooks, Simkins. Walioana wao kwa wao, wakarithishana viti vya bunge na ofisi za sheria, na mara nyingine wakauana.

Francis Pickens ndiye wa kuanza naye, kwa sababu ndiye aliyekuwa gavana Carolina Kusini ilipojitoa katika muungano wa Marekani tarehe 20 Desemba 1860. Alikuwa amerudi hivi karibuni tu kutoka Urusi, alikokuwa balozi wa Rais Buchanan. Tarehe 9 Januari 1861 mizinga ya jimbo lake iliifyatulia meli ya Star of the West, iliyokuwa ikipeleka wanajeshi na mahitaji katika ngome ya Sumter, miezi mitatu kabla ya shambulio la Aprili ambalo vitabu vingi vinalihesabu kuwa mwanzo wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mke wake wa tatu, Lucy Holcombe Pickens, sura yake ilichapwa kwenye noti za serikali ya Kusini iliyojitenga, zikiwemo za dola 100. Na mtoto wao alizaliwa St. Petersburg, wakapewa na familia ya kifalme ya Urusi hadhi ambayo watu wa Edgefield hawakuacha kuisimulia. Pickens alimaliza muda wake mwaka 1862 bila kupendwa sana, akafa mwaka 1869.

Kaburi ambalo kijana wako hapaswi kulipita ni la Preston Brooks, mbunge. Hakuwahi kuwa gavana, na kazi yake bungeni isingekumbukwa na mtu kama si dakika chache za tarehe 22 Mei 1856. Siku mbili kabla, Seneta Charles Sumner wa Massachusetts alikuwa amemaliza hotuba ndefu ya kupinga utumwa kuenezwa Kansas, na ndani yake alimdhihaki Seneta Andrew Butler, ndugu wa Brooks wa ukoo mmoja, ambaye siku hiyo hakuwepo bungeni. Brooks alisubiri kikao cha Seneti kiahirishwe na ukumbi upungue watu. Sumner alikuwa amekaa kwenye dawati lake akiandika, akitayarisha nakala za hotuba ile kwa ajili ya kutumwa. Brooks akamwendea, akatamka maneno machache, kisha akaanza kumpiga kichwani kwa fimbo ya gutta-percha, yaani utomvu wa mti uliogandishwa ukawa mgumu, yenye kichwa cha dhahabu. Madawati yale yalikuwa yamekazwa sakafuni. Miguu ya Sumner ilikuwa chini yake, na alipojaribu kuinuka alilazimika kuling'oa dawati. Brooks aliendelea kupiga hadi fimbo ikavunjika vipande. Sumner alichukua zaidi ya miaka mitatu kabla ya kurejea kikamilifu kwenye kiti chake.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza kwa nini tukio hili linahesabiwa miongoni mwa yale yaliyoisukuma nchi kuelekea vita. Mahakama ilimtoza Brooks faini ya dola 300. Baraza la Wawakilishi lilishindwa kupata theluthi mbili ya kura za kumfukuza. Akajiuzulu mwenyewe, na wapiga kura wake wakamrudisha katika uchaguzi wa marudio mwaka ule ule. Watu wa Kusini walimtumia fimbo mpya kama zawadi. Hakufaidi sana sifa hizo, kwani alifariki Washington tarehe 27 Januari 1857 kwa maradhi ya koo, akiwa na miaka 37, na miezi minne baadaye Seneta Butler, yule aliyetetewa, naye akafa. Hapa pana mtego kwa mtafiti. Washington, katika Makaburi ya Kongresi, kuna jiwe lenye jina la Brooks, lakini hilo ni la ukumbusho tu, kama walivyowekewa wabunge wengi wa enzi hiyo waliofia madarakani. Mwili uko Willowbrook.

Mkifika kwa Matthew Calbraith Butler, mtakuwa mmefika kwa mwanajeshi mkubwa kuliko wote waliozikwa mjini hapo. Alikuwa mtoto wa ndugu yake Seneta Andrew Butler kwa upande wa baba, na kwa upande wa mama alikuwa mpwa wa Kommodoa Matthew Calbraith Perry, yule aliyeilazimisha Japani kufungua bandari zake. Jina lake la katikati limetoka huko. Alimwoa Maria, binti wa Francis Pickens. Vita vilipoanza akajiunga na wapanda farasi wa Kusini, na tarehe 9 Juni 1863, katika mapigano ya Brandy Station huko Virginia, kombora moja lilimkata mguu wa kulia na papo hapo likamjeruhi kwa kifo Kapteni William Farley, mpelelezi maarufu wa Jenerali Stuart, mkuu wa wapanda farasi hao; Farley alikuwa juu ya farasi pembeni ya Butler. Butler alirudi vitani akiwa na mguu wa bandia na akapanda hadi cheo cha meja jenerali. Baada ya vita alikuwa seneta wa Marekani kuanzia 1877 hadi 1895. Na mwaka 1898, Marekani ilipopigana na Hispania, Rais McKinley alimteua kuwa meja jenerali wa jeshi la kujitolea la nchi ile ile aliyoipiga vita miaka 35 nyuma, kisha akamweka kwenye tume ya kusimamia kuondoka kwa Wahispania nchini Kuba. Alifariki mwaka 1909.

Ningekuwa nimekupa nusu ya habari kama ningeishia hapo, kwa sababu kati ya mguu wake uliopotea na kiti chake cha Seneti kuna Hamburg. Huo ulikuwa mji mdogo wa Wamarekani Weusi ukingoni mwa Mto Savannah, ukitazamana na Augusta mnakoishi ninyi, katika eneo lililokuwa la Edgefield kabla halijapewa Aiken. Tarehe 4 Julai 1876 kikosi cha wanamgambo Weusi kilikuwa kikifanya gwaride barabarani, wazungu wawili wenye mkokoteni wakadai wamezuiwa njia, na shauri likapelekwa mbele ya hakimu wa mji, Prince Rivers, ambaye mwenyewe alikuwa sajini wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, baada ya kutoroka utumwani. Tarehe 8 Julai Butler alifika kama wakili wa wale wazungu wawili, nyuma yake wakiwamo mamia ya watu wenye silaha, akadai wanamgambo wasalimishe bunduki. Walipokataa, mapigano yakaanza, mzinga ukavushwa kutoka Augusta, mzungu mmoja akauawa, na Weusi sita wakauawa, wengi wao baada ya kukamatwa. Hakuna aliyehukumiwa. Butler maisha yake yote alikana kuamuru mauaji yale.

Tillman hakukana. Alikuwepo Hamburg akiwa kijana wa chini ya miaka 30, na baadaye akiwa seneta alilitaja tukio hilo kwa majigambo kwenye mikutano ya hadhara. Ndiyo sababu ningewashauri mwende Ebenezer siku ile ile mnayokwenda Willowbrook, ingawa ni kituo cha kaburi moja tu kubwa. Benjamin Tillman alizaliwa karibu na Trenton mwaka 1847, akapoteza jicho la kushoto kwa ugonjwa kabla hajaenda vitani, akawa mkulima, kisha akawageuzia hasira za wakulima wadogo wazungu mabwana wa zamani kama Butler. Alikuwa gavana kuanzia 1890, na mwaka 1894 alimnyang'anya Butler kiti cha Seneti. Hakuwa mtu wa upande mmoja tu, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama: alisaidia kuanzishwa kwa chuo cha Clemson, na sheria ya mwaka 1907 inayozikataza kampuni kuchangia fedha za kampeni za urais na Kongresi inabeba jina lake. Lakini alama yake nzito kuliko zote ni katiba ya jimbo ya mwaka 1895, iliyotungwa kwa lengo la wazi la kuwaondolea Weusi haki ya kupiga kura, na mkutano ulioitunga uliongozwa na mwenzake wa Willowbrook, Gavana John Gary Evans. Tabia ya ngumi bungeni nayo haikufa na Brooks: mwaka 1902 Tillman alipigana ndani ya ukumbi wa Seneti na seneta mwenzake wa jimbo lile lile, John McLaurin, na wote wawili wakakaripiwa rasmi. Mwaka uliofuata mtoto wa kaka yake, James Tillman, aliyekuwa naibu gavana, alimpiga risasi mhariri wa gazeti mjini Columbia mchana kweupe, akaachiwa na baraza la mahakama. Tillman mwenyewe alifariki Washington mwezi Julai 1918 akiwa bado seneta.

Evans na Sheppard hawahitaji muda mrefu. Sheppard alishika ugavana kwa miezi michache tu mwaka 1886 baada ya aliyekuwepo kujiuzulu, akajaribu tena mwaka 1892 na Tillman akambwaga. Evans alikuwa gavana kuanzia 1894 hadi 1897, na baada ya hapo kila alipogombea useneta alishindwa.

Linalofuata ni kaburi la Strom Thurmond, na kwa kazi ya shule huyu ana faida kwamba anaunganisha siasa na uanajeshi. Alizaliwa Edgefield tarehe 5 Desemba 1902 na akafia hapo hapo tarehe 26 Juni 2003, akiwa ametimiza miaka 100 na kuacha Seneti chini ya miezi sita kabla. Baba yake alikuwa mwanasheria wa Tillman, na aliwahi kumuua mtu kwa risasi katika ugomvi wa siasa, akaachiwa na mahakama. Strom alikuwa jaji wakati Vita Kuu ya Pili inaanza. Umri na kazi vilimpa nafasi ya kubaki nyumbani, lakini alijitolea, na tarehe 6 Juni 1944, akiwa na miaka 41, alitua Normandia ndani ya ndege isiyo na injini pamoja na Divisheni ya 82 ya Anga, akaumia wakati wa kutua. Alistaafu jeshi la akiba akiwa meja jenerali.

Mwaka 1948, akiwa gavana, aligombea urais kwa tiketi ya watu wa Kusini waliokikimbia chama cha Democratic kwa sababu ya sera za Truman za haki za raia, akashinda majimbo manne na kura 39 za wajumbe. Mwaka 1954 akaingia Seneti bila jina lake kuchapwa kwenye karatasi ya kura. Wapiga kura waliliandika kwa mkono. Mwezi Agosti 1957 alizungumza kwa saa 24 na dakika 18 mfululizo kuupinga mswada wa haki za raia, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2025, ilipovunjwa na Seneta Cory Booker, ambaye ni Mmarekani Mweusi. Mswada wenyewe ulipita. Mwaka 1964 akahamia chama cha Republican.

Miezi sita baada ya mazishi yake, Essie Mae Washington-Williams, mwalimu mstaafu, alijitokeza na kusema kwamba Thurmond alikuwa baba yake. Mama yake, Carrie Butler, alikuwa msichana Mweusi wa miaka 16 aliyefanya kazi katika nyumba ya wazazi wa Thurmond wakati huo, na Strom alikuwa na miaka 22. Familia ilikubali. Mwaka 2004, kwenye sanamu ya Thurmond nje ya bunge la jimbo mjini Columbia, jiwe lililosema kwamba alikuwa baba wa watoto wanne lilichongwa upya lisome watano, na jina la Essie Mae likaongezwa kwenye orodha. Mkipata siku nyingine ya kwenda Columbia, kijana aliangalie neno hilo kwa karibu na kulipiga picha. Kazi yake yote kuhusu kuaminika kwa mawe anaweza kuijenga juu ya herufi hizo chache.

Hilo linatuleta kwenye swali lako la mwisho. Jiwe la kaburi lichukuliwe kama ushahidi wa mtu aliyelilipia, na kwa kawaida huyo ni mjane, mtoto au chama fulani chenye jambo la kusema. Tarehe za kuzaliwa na kufa huwa na uzito, hasa jiwe likiwa limewekwa mapema. Vyeo vya jeshi vichunguzwe, kwa sababu katika Kusini ya baada ya vita karibu kila mwanasheria aliitwa kanali kwa heshima. Kwa wabunge na maseneta, kamusi rasmi ya wasifu ya Kongresi, inayopatikana bure mtandaoni, hutaja mahali pa kuzikwa kila mmoja, ingawa mara nyingine hutumia jina la zamani la makaburi au la wilaya. Kwa wanajeshi wa kawaida, umbo la jiwe lililotolewa na serikali lina maana: yale yenye ncha juu ni ya waliopigania Kusini, na yale yenye ngao iliyochongwa na kichwa cha mviringo ni ya jeshi la Muungano au ya vita vya Hispania. Mtasikia wakisema kwamba ncha iliwekwa ili Wakaskazini wasikalie. Ni utani wa wenyeji, msiuandike kama historia. Mawe mengi ya aina hiyo yaliwekwa miongo mingi baada ya mazishi.

Wako pia wale ambao hamtawakuta hata mkitafuta kutwa. Jenerali James Longstreet alizaliwa katika wilaya ya Edgefield mwaka 1821, lakini kaburi lake liko Gainesville, Georgia. William Travis na James Bonham, waliokufa wakiitetea ngome ya Alamo, Texas, tarehe 6 Machi 1836, walizaliwa katika sehemu ambayo sasa ni Saluda, na hawana kaburi kwao kwa sababu maiti za waliotetea ngome ile zilichomwa moto. Na wanasiasa Weusi walioiwakilisha Edgefield baada ya utumwa kufutwa, katika wilaya ambayo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa watumwa kabla ya vita, hawamo Willowbrook. Lawrence Cain, aliyezaliwa mtumwa, akawa seneta wa jimbo na kanali wa wanamgambo, aliondolewa madarakani na uchaguzi wa 1876, ambao kura zilizohesabiwa Edgefield zilizidi idadi ya wanaume wenye haki ya kupiga. Yeye yuko katika makaburi ya Randolph, Columbia, makaburi ya Wamarekani Weusi yaliyopewa jina la seneta mwenzao aliyeuawa kwa risasi mwaka 1868. Ningependa kijana wako amweke Cain katika kazi yake hata kama amevuka mpaka wa kaunti, kwa sababu bila yeye maelezo ya Butler na Tillman hayakamiliki.

Kwa siku moja basi, tokeni Augusta asubuhi. Ni kama kilomita 40. Anzeni Maktaba ya Tompkins, kwenye uwanja wa mahakama mjini Edgefield, ambako chama cha nasaba cha wilaya ya zamani kinahifadhi kumbukumbu za koo na za makaburi, na mwombe ramani ya Willowbrook kabla ya kuingia humo. Nendeni kwa utaratibu huu: Pickens, Brooks, Butler, kisha Thurmond, ili mfuate miaka. Mchana muwe Trenton. Mkirudi, piteni North Augusta, pale ilipokuwa Hamburg: kuna mnara wa mwaka 1916 wa yule mzungu mmoja aliyeuawa, na kumbukumbu ya Weusi waliouawa iliyowekwa miaka mia moja baadaye. Kijana aandike maneno ya yote mawili neno kwa neno, aandike na mwaka ambao kila moja liliwekwa.